Uzalishaji wa Viwanda na Shughuli za Biashara kwa Mwezi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwezi takwimu hizi zikitoka, maswali ni yale yale. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayowasumbua hata wachambuzi. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Misingi

1. Fahirisi ya uzalishaji viwandani ni nini?

Ni namba inayoonyesha wingi wa kilichozalishwa mwezi fulani, ukilinganishwa na wastani wa mwezi katika mwaka wa kizio, yaani mwaka uliochaguliwa kuwa wa kulinganishia. Mwaka huo hupewa 100. Ukisoma 108, maana yake wingi wa uzalishaji umezidi wastani wa mwaka wa kizio kwa asilimia 8. Namba hiyo haikuambii ni tani ngapi wala ni fedha kiasi gani.

Shika neno wingi. Bei ya saruji ikipanda maradufu na mifuko inayotoka kiwandani ikabaki ile ile, fahirisi haitikisiki. Nusu ya mabishano kuhusu takwimu hizi huzuka pale mtu anapolinganisha fahirisi na mauzo ya kampuni yaliyotangazwa kwa fedha.

2. "Viwanda" vinavyohesabiwa ni vipi?

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2010 unataja makundi manne: migodi na machimbo, viwanda vya kutengeneza na kusindika bidhaa, umeme na gesi, na maji pamoja na majitaka na taka. Kilimo hakimo. Biashara, usafirishaji na benki havimo. Ujenzi nao uko nje. Ulaya ina fahirisi yake ya pekee kwa ujenzi.

Nchi hazifuati mwongozo huo kwa usawa. Marekani huhesabu viwanda vya bidhaa, migodi, na umeme na gesi, basi. India, katika mfululizo wenye kizio cha 2011-12, ilivipa viwanda vya bidhaa uzito wa takriban asilimia 77.6, migodi 14.4 na umeme 8. Kwa hiyo kabla hujalinganisha nchi mbili, angalia kwanza kila moja imeweka nini ndani.

3. Kwa nini tusisubiri tu pato la taifa?

Kwa sababu pato la taifa katika nchi nyingi hutoka kwa robo mwaka, na huchelewa. Fahirisi ya viwanda hutoka kila mwezi. Nchi zilizojiunga na kiwango maalum cha Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu utoaji wa takwimu, kilichoanzishwa mwaka 1996, zinatakiwa kuitoa ndani ya wiki sita hivi baada ya mwezi kwisha.

Sababu nyingine ni kwamba viwanda huyumba kuliko sekta nyingine. Watu wakipunguza matumizi, kinyozi ataendelea kunyoa, lakini oda za magari na mashine hukatwa mara moja. Hata pale ambapo viwanda ni sehemu ndogo ya uchumi, mdororo huonekana huko mapema. Ndiyo maana kamati ya wachumi inayotangaza tarehe za kuanza na kwisha kwa midororo Marekani huiweka fahirisi hii miongoni mwa vipimo inavyovitazama.

4. Nani huitoa?

Kwa kawaida ni ofisi ya taifa ya takwimu. Marekani ni Benki Kuu yenyewe, na mfululizo wake unarudi nyuma hadi 1919. Japani ni wizara inayoshughulikia uchumi na viwanda. Vipimo vya maoni ya wafanyabiashara, kama PMI (swali la 13), mara nyingi hutolewa na kampuni binafsi au vyama vya kitaaluma.

## Namba inavyopatikana

5. Takwimu zinakusanywa wapi?

Viwandani. Kila mwezi kiwanda kilichomo kwenye sampuli hupokea dodoso fupi: mwezi uliopita mlizalisha tani ngapi, lita ngapi, mita ngapi? Mmeuza kwa thamani gani? Stoo imebaki na nini? Wafanyakazi wangapi, saa ngapi? Anayelijaza ni mhasibu au msimamizi wa uzalishaji, na kwa kawaida lina tarehe ya mwisho inayomkuta akihangaika kufunga hesabu za mwezi.

Sampuli haipigwi kura ya bahati nasibu tu. Viwanda vikubwa huingizwa vyote, kwa sababu vichache kati yao vinaweza kubeba sehemu kubwa ya sekta nzima. China kwa mfano huripoti kila mwezi makampuni ya viwanda yenye mapato ya yuani milioni 20 kwa mwaka au zaidi.

Si kila kitu hupimika kwa tani. Sukari, saruji na umeme vinapimika. Mashine zinazotofautiana kila moja na mwenzake, au dawa za aina mia tatu, hazipimiki hivyo. Hapo watakwimu huchukua thamani ya mauzo na kuondoa athari za bei (swali la 8). Mahali pengine hutumia saa za kazi kama kiashiria, kwa dhana kwamba saa zikiongezeka, bidhaa nazo zimeongezeka. Dhana hiyo hufanya kazi kwa miezi michache na huchakaa kwa miaka, maana mashine bora hutoa bidhaa nyingi kwa saa zile zile.

6. Mnajumlishaje saruji, vitambaa na umeme?

Kwa uzito. Tuchukue nchi ya kufikirika yenye viwanda vya aina tatu tu. Saruji ina uzito wa 50, vitambaa 30, umeme 20.

Mwezi huu saruji imetoka tani 110,000, na wastani wa mwaka wa kizio ulikuwa tani 100,000: hiyo ni 110. Vitambaa ni mita milioni 4.5 dhidi ya milioni 5: ni 90. Umeme ni gigawati-saa 210 dhidi ya 200: ni 105. Sasa zidisha kila moja kwa uzito wake: 110 mara 0.50 ni 55. 90 mara 0.30 ni 27. 105 mara 0.20 ni 21. Jumla ni 103.

Tazama kilichotokea. Vitambaa vimeanguka kwa asilimia 10, na bado fahirisi ya jumla imesimama juu ya 100. Mwenye kiwanda cha nguo akisoma "uzalishaji juu kwa asilimia 3" ataona anadanganywa. Hadanganywi, uzito wa saruji umemfunika. Ukitaka kujua sekta yako, fungua jedwali la ndani, usiishie kwenye kichwa cha habari.

Uzito wenyewe hutokana na thamani iliyoongezwa, yaani mauzo ukitoa malighafi na huduma zilizonunuliwa. Ukitumia mauzo matupu, uzi utahesabiwa ukiwa uzi, kisha ukahesabiwa tena ukiwa ndani ya kitambaa, na mara ya tatu ndani ya shati.

7. Kwa nini mwaka wa kizio hubadilishwa?

Kwa sababu uzito huzeeka. Kapu la bidhaa la miaka kumi na mitano iliyopita lina vitu ambavyo leo havitengenezwi, na halina vile vinavyotengenezwa kwa wingi sasa. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa unapendekeza uzito usasishwe kila mwaka na mfululizo uunganishwe kama mnyororo. Nchi nyingi bado hukaa na uzito mmoja kwa miaka mitano au zaidi, kwa kuwa sensa ya viwanda inayoupatia uzito huo ni ghali.

Mwaka wa kizio uwe wa kawaida. Umoja wa Ulaya ulizoea miaka inayoishia na 0 au 5, lakini 2020 ulikuwa mwaka wa janga la korona, na kizio kikawekwa 2021. Kizio kikibadilika, usichukue namba ya mfululizo wa zamani ukailinganisha na ya mfululizo mpya. Tumia mfululizo ulioungwa na ofisi yenyewe.

8. Athari za bei zinaondolewaje?

Thamani ya mauzo hugawanywa kwa fahirisi ya bei za wazalishaji ya bidhaa ile ile. Mauzo yakiwa yamepanda kwa asilimia 12 na bei za kiwandani kwa asilimia 9, wingi umepanda kwa asilimia 2.75 hivi, si 3 kamili, kwa kuwa hesabu ni ya kugawanya na siyo kutoa. Fahirisi ya bei za walaji haifai hapa. Ina kodi, usafiri na faida ya muuza duka ndani yake.

## Kuzisoma bila kupotoka

9. Nilinganishe na mwezi uliopita au na mwaka jana?

Vyote viwili, kwa kazi tofauti. Mwezi kwa mwezi hukuonyesha uchumi unageukia wapi sasa, lakini una kelele nyingi, na hauna maana kabla ya kuondoa athari za msimu (swali la 10). Mwaka kwa mwaka umetulia zaidi, ila unabeba mzigo wa mwaka jana.

Mzigo huo ukiwa mkubwa, namba huwa kichekesho. Aprili 2021 fahirisi ya India ilionekana kupanda kwa zaidi ya asilimia 130. Hakuna muujiza uliotokea. Aprili 2020 viwanda vilikuwa vimefungwa. Kumbuka pia kwamba kushuka kwa asilimia 20 na kupanda kwa asilimia 20 hakukurudishi ulipokuwa: 100 huwa 80, kisha 96.

Wengi wetu tunaofuatilia takwimu hizi hutumia wastani wa miezi mitatu dhidi ya miezi mitatu iliyotangulia. Hauvutii vyombo vya habari, lakini hukosea mara chache zaidi.

10. "Kuondoa athari za msimu" si kuchezea takwimu?

La. Viwanda vya sukari husaga mavuno yanapoingia, umeme hupanda wakati wa joto au baridi kali, na Februari ina siku chache. Mabadiliko hayo hujirudia kila mwaka na hayasemi lolote kuhusu hali ya uchumi. Programu kama X-13ARIMA-SEATS, ya Ofisi ya Sensa ya Marekani, hupima kawaida ya kila mwezi kwa kutazama miaka ya nyuma, kisha huiondoa. Kinachobaki ndicho kinachofaa kulinganishwa.

Ugumu uko kwenye sikukuu zinazohama. Pasaka huruka kati ya Machi na Aprili, Ramadhani na Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na mwaka mpya wa Kichina huangukia Januari au Februari. China hutatua kwa kutangaza Januari na Februari kwa pamoja katika baadhi ya takwimu zake za viwanda. Ofisi inayojiheshimu hutoa mifululizo yote miwili, uliorekebishwa na ghafi, ili asiyeamini akague.

11. Mwezi uliopita mlisema imepanda, leo mnasema ilishuka. Kulikoni?

Takwimu ya kwanza hutoka kabla madodoso yote hayajarudi. Waliochelewa hukadiriwa, na wakishaleta majibu yao, makadirio huondolewa. Isitoshe, kila mwezi mpya ukiingia, hesabu ya msimu hupigwa upya na kugusa miezi ya nyuma. Baadaye huja marekebisho ya mwaka, na mwisho mabadiliko ya kizio.

Bila marekebisho ungebaki na chaguo mbili: namba ya haraka isiyosahihishwa kamwe, au namba sahihi inayofika wakati haina kazi tena. Mimi ningeiogopa zaidi ofisi ambayo haijawahi kurekebisha namba yake hata mara moja.

12. Pointi na asilimia zina tofauti gani?

Fahirisi ikitoka 120 hadi 123, imepanda pointi 3, yaani asilimia 2.5. Kasi ya ukuaji ikitoka asilimia 4 hadi asilimia 5, imeongezeka kwa pointi moja ya asilimia. Magazeti huchanganya mambo haya kila mwezi.

## PMI na vipimo vya maoni

13. PMI ni nini, na kwa nini hutoka mapema hivyo?

Ni fahirisi ya mameneja wa ununuzi. Watu hawa ndio wanaoagiza malighafi, kwa hiyo hujua oda zimeongezeka au zimepungua kabla bidhaa haijatoka kiwandani. Hawaulizwi tani. Huulizwa tu: ukilinganisha na mwezi uliopita, imeongezeka, imebaki vile vile, au imepungua? Maswali hugusa oda mpya, uzalishaji, ajira, muda wa wasambazaji kuleta mizigo, na akiba ya malighafi. Kwa kuwa majibu hayahitaji kufunga vitabu vya hesabu, matokeo huweza kutoka siku ya kwanza ya kazi ya mwezi unaofuata.

Marekani, chama cha wataalamu wa ununuzi kilianza kutoa ripoti ya aina hii mwaka 1931. Leo kampuni ya S&P Global hutoa PMI za nchi nyingi, na nyingine hutolewa na vyama au serikali.

14. 50 maana yake nini?

Chukua asilimia ya waliosema "imeongezeka", ongeza nusu ya asilimia ya waliosema "imebaki vile vile". Waliopanda wakiwa 35, waliobaki pale pale 45, walioshuka 20, unapata 35 na 22.5, yaani 57.5. Waliopanda wakilingana na walioshuka, jibu huwa 50. Juu ya hapo kumepanuka, chini yake kumesinyaa.

Hapa ndipo watu wengi huteleza: PMI hupima ni wangapi wameongeza, haipimi wameongeza kiasi gani. Kampuni iliyopanda kwa asilimia 1 na iliyopanda kwa asilimia 40 zina sauti moja. Tena ulinganisho ni na mwezi uliopita tu. PMI rasmi ya viwanda ya China ilianguka hadi 35.7 Februari 2020, na Machi ikaruka hadi 52.0. Viwanda havikuwa vimerudi hali ya kawaida mwezi huo. Vingi vilikuwa tu na nafuu kuliko Februari, wakati milango ilipokuwa imefungwa.

15. Je, PMI inaweza kupanda kwa sababu mbaya?

Inaweza, na mlango ni ule wa muda wa wasambazaji. Mizigo ikichelewa, fomula huchukulia kuwa mahitaji ni makubwa na wasambazaji wamelemewa, hivyo huongeza pointi. Mara nyingi ni kweli. Bandari ikifungwa au malori yakizuiwa, si kweli.

Aprili 2020 PMI ya viwanda ya ISM, kile chama cha wataalamu wa ununuzi cha Marekani (swali la 13), ilisoma 41.5, namba inayoonekana kama mdororo wa kawaida. Ukifungua ndani: oda mpya 27.1, uzalishaji 27.5, ajira 27.5, akiba 49.7, na muda wa wasambazaji 76.0. Sehemu hizo tano zina uzito sawa kwa ISM. Ile 76 ya wasambazaji waliokwama peke yake ndiyo iliyoinua namba nzima. Ukiitoa, wastani wa nne zilizobaki ni karibu 33.

16. PMI inapanda, fahirisi ya viwanda inashuka. Niamini ipi?

Kwa kilichozalishwa, amini fahirisi. Kwa mwelekeo wa wiki chache zijazo, sikiliza PMI, hasa oda mpya. Zikitofautiana mwezi mmoja, usihangaike: kampuni kubwa moja inaweza kuivuta fahirisi chini wakati kampuni ndogo nyingi zimepanda, na sababu ni ile ya swali la 14. Zikitofautiana miezi minne au mitano mfululizo, tafuta sekta iliyo nje ya mojawapo. Mara nyingi ni migodi au umeme, ambavyo PMI ya viwanda haivigusi kwa kawaida.

17. Na huduma je? Uchumi si viwanda tu.

Kweli. Ndiyo maana ziko PMI za huduma, na PMI ya jumla inayounganisha pande mbili. Ile ya jumla kwa nchi zinazotumia yuro ilishuka hadi 13.6 Aprili 2020, ikiburuzwa na huduma kuliko viwanda. Kwa upande wa takwimu halisi, baadhi ya nchi zimekwenda mbali zaidi: Kanada hutoa pato la taifa kwa mwezi, Uingereza imefanya hivyo tangu 2018, Chile ina kipimo chake kiitwacho IMACEC, na Benki Kuu ya Brazili hutoa IBC-Br.

## Mambo ya pembeni

18. Kiwanda kikubwa kimoja kinaweza kupotosha takwimu za nchi nzima?

Ndiyo. Mfano unaotajwa kila mara ni Ireland, ambako makampuni machache ya kimataifa ya dawa na teknolojia huandikisha uzalishaji mkubwa, sehemu yake ukifanyika kwa mkataba katika nchi nyingine. Mwezi mmoja fahirisi huruka, unaofuata huporomoka, na mtikisiko huo huonekana hadi kwenye takwimu za eneo zima la yuro. Wachambuzi wengi husoma eneo la yuro mara mbili, pamoja na Ireland na bila yake.

Upande mwingine wa tatizo hili ni siri. Sekta ikiwa na kiwanda kimoja tu, kuchapisha namba ya sekta ni kuanika vitabu vya kampuni hiyo mbele ya washindani wake. Ofisi huficha mstari huo au huuchanganya na sekta jirani. Ukikuta nafasi tupu kwenye jedwali, usidhani wamesahau.

19. Wajasiriamali wadogo na sekta isiyo rasmi wanahesabiwa?

Kila mwezi, kwa kiasi kidogo sana au hapana kabisa. Fundi seremala mwenye wasaidizi wawili hapokei dodoso. Mchango wake hukadiriwa kupitia tafiti za kaya na sensa za biashara, zinazofanyika mara moja baada ya miaka kadhaa, na huingia kwenye pato la taifa zaidi kuliko kwenye fahirisi ya mwezi. Pale ambapo sekta hiyo ni kubwa, fahirisi inakueleza habari za viwanda rasmi, na isinyooshwe kuwa habari za uchumi wote.

20. Kwa nini tusitumie umeme tu?

Wazo hili lina heshima yake. Li Keqiang, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa China, akiwa kiongozi wa Chama cha Kikomunisti katika jimbo la Liaoning, alimweleza balozi wa Marekani mwaka 2007 kwamba yeye hutazama matumizi ya umeme, mizigo ya reli na mikopo ya benki kuliko pato la taifa. Maneno hayo yalipovuja mwaka 2010, wachambuzi waliunda fahirisi kwa jina lake.

Umeme ni mzuri kwa kukagua. Viwanda vikisema vimepanda sana na umeme wa viwandani umeanguka, kuna swali la kuuliza. Lakini kiyeyusho cha alumini hula umeme mwingi kuliko viwanda vingi vya nguo vikiwekwa pamoja, na kiwanda kinachobadili mitambo ya zamani hutumia umeme kidogo kwa bidhaa ile ile. Nchi inayohama kutoka vyuma kwenda vifaa vya elektroniki itaonekana imelala wakati inakua.

21. Meli inayojengwa miaka miwili huhesabiwa mwezi gani?

Ikihesabiwa siku ya kukabidhiwa, fahirisi itakaa kimya miezi 23 kisha ilipuke. Kwa hiyo meli, ndege na mitambo mikubwa hupimwa kwa kazi iliyofanyika ndani ya mwezi: saa za wafanyakazi, au sehemu ya mradi iliyokamilika kwa mujibu wa hesabu za mjenzi. Wafanyakazi wakigoma wiki mbili, pengo litaonekana mwezi ule ule. Mteja akivunja mkataba meli ikiwa nusu, kazi iliyokwisha kuhesabiwa hubaki imehesabiwa, kwa kuwa ilifanyika kweli. Hasara ya mjenzi ni suala la vitabu vyake, na fahirisi haina mahali pa kuiandika.